Mwenye Boti na Mwenye Nauli: Mgogoro wa Changu Mwekundu katika Ghuba ya Meksiko

Insha hii inachunguza ugomvi uliozuka Marekani kuhusu mgawo wa samaki aina ya changu mwekundu katika Ghuba ya Meksiko. Hoja yangu ni kwamba hesabu ya samaki ilikuwa sehemu tu ya ugomvi huo. Swali kubwa lilikuwa hili: samaki wa umma wakiwa haba, ni mwananchi yupi mwenye haki ya kuwavua?

Mgawo wa mwaka uliwekwa katika mafungu mawili: asilimia 51 kwa wavuvi wa biashara na asilimia 49 kwa wavuvi wa burudani. Fungu la pili lilijumuisha wenye boti binafsi pamoja na abiria wanaomlipa nahodha wa boti ya kukodi awapeleke kuvua. Wote walikula chungu kimoja.

Chanzo cha ugomvi kilikuwa mipaka ya bahari. Texas ina mamlaka hadi maili 9 kutoka pwani, na huko mwenye boti binafsi aliweza kuvua changu mwaka mzima. Samaki hao walihesabiwa katika mgawo ule ule, hivyo serikali kuu ikafupisha msimu katika maji yake hadi siku 9 tu mwaka 2014. Aliyeumia zaidi ni nahodha wa boti ya kukodi, kwa sababu kibali chake cha serikali kuu kilimkataza kuvua changu hata katika maji ya jimbo wakati msimu wa serikali kuu umefungwa.

Oktoba 2014, baraza linalosimamia uvuvi wa Ghuba lilipitisha Marekebisho ya 40. Kwa kutumia rekodi za uvuvi kuanzia mwaka 1986, boti za kukodi zilipewa asilimia 42.3 ya fungu la burudani, na boti binafsi asilimia 57.7. Mwaka 2015 boti za kukodi zilivua siku 44, boti binafsi siku 10. Chama cha Coastal Conservation Association kilikwenda mahakamani, lakini mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliyaacha marekebisho yasimame.

Wapinzani walidai kwamba mali ya umma imekabidhiwa wafanyabiashara. Sikubaliani nao kikamilifu. Nahodha huuza safari. Anayevua ni abiria, naye ni mwananchi asiye na uwezo wa kununua boti. Hata hivyo, malalamiko yao yana msingi. Vibali vya boti za kukodi vilikuwa na kikomo, ilhali boti binafsi hazikuwa na kikomo. Fungu lao lilibaki lile lile huku walaji wakiweza kuongezeka kila mwaka.

Kuanzia 2020, majimbo matano ya Ghuba yalipewa mamlaka ya kupanga msimu wa boti binafsi. Kwa maoni yangu, kutenganisha mafungu kulimwokoa nahodha na abiria wake, lakini hakukujibu swali la boti ngapi binafsi zinaweza kugawana samaki wasioongezeka kwa kasi hiyo. Swali hilo liliachiwa majimbo.