Nimonia kali kwa watoto: Ni bakteria gani wanaojaza usaha kifuani, na chanjo inakinga wapi?

Mtoto ana nimonia, ameanza amoksilini, lakini siku ya tatu homa iko palepale na bado anahema. Wazazi wengi hapo hurudi dukani kubadilisha dawa. Madaktari wanasema huo ni wakati wa kurudi hospitali, kwa sababu huenda nimonia imeshaleta madhara mengine ndani ya kifua.

Nimonia bado ni hatari kubwa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2019 iliua watoto zaidi ya 740,000 wa chini ya miaka mitano. Hiyo ni 14% ya vifo vyote vya watoto wa umri huo.

Nini hutokea kifuani?

Kati ya pafu na ukuta wa kifua kuna nafasi nyembamba sana. Bakteria wakizidi nguvu, maji hujaa hapo, kisha hugeuka usaha. Usaha huo hulibana pafu, na mtoto hushindwa kuvuta hewa ya kutosha. Kwa wengine, pafu lenyewe hufanya jipu au sehemu yake huoza.

Hali hii hugunduliwa kwa eksirei au ultrasaundi. Mtoto hulazwa, huchomwa dawa kwa mshipa, na mara nyingi huwekewa mpira kifuani ili usaha utoke. Matibabu yanaweza kuchukua wiki kadhaa.

Bakteria wanaohusika

• Nimokokasi: Ni miongoni mwa visababishi vikuu vya nimonia kali ya watoto, pamoja na usaha kifuani. Ana aina takriban 100. Aina ya 1, ya 3 na ya 19A zinajulikana sana kwa kuleta usaha.

• Hib: Huleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Chanjo yake iko ndani ya pentavalenti, ile sindano inayokinga magonjwa matano.

• Stafilokokasi: Huyu huishi puani na kwenye ngozi za watu wengi bila shida. Akiingia mapafuni, hasa baada ya mafua makali au surua, huharibu haraka. Wengi wao hawasikii amoksilini. Chanjo yake haipo.

• Streptokokasi wa kundi A: Ndiye anayeleta pia maambukizi ya koo. Huweza kushambulia mapafu baada ya mafua makali au tetekuwanga. Mwishoni mwa 2022, Uingereza iliripoti ongezeko la watoto waliopata usaha kifuani kwa sababu yake. Naye hana chanjo.

Kifua kikuu nacho huweza kujaza maji kifuani, kwa hiyo daktari atauliza kama nyumbani kuna mtu mwenye kikohozi cha muda mrefu.

“Mbona alichanjwa na bado ameugua?”

Hili ndilo swali la wazazi wengi. Jibu liko kwenye hesabu ya aina. Chanjo ya nimokokasi, PCV, haibebi aina zote 100. Kuna inayobeba 10 na kuna inayobeba 13, zikiwa ni aina zilizochaguliwa kwa sababu huleta ugonjwa mkali zaidi. Kenya ilianza na ile ya aina 10 mwaka 2011. Tanzania ikazindua ya aina 13 Desemba 2012.

Matokeo ya Kilifi, pwani ya Kenya, yanaeleza vizuri. Baada ya chanjo kuanza, ugonjwa mkali unaoletwa na aina zilizomo kwenye chanjo ulipungua kwa 92% kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Lakini watoto waliolazwa kwa nimonia ya kila chanzo walipungua kwa 27%.

Maana yake, chanjo inafanya kazi yake vizuri sana, ila nimonia ina vyanzo vingi, vikiwemo virusi. Mtoto aliyechanjwa ana hatari ndogo zaidi, lakini akianza kuhema bado anatakiwa kupelekwa hospitali.

Dozi tatu, si moja

Kenya na Tanzania hutoa PCV na pentavalenti siku zilezile: mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Chanjo ya surua hutolewa miezi 9 na 18, nayo huzuia nimonia inayofuata surua. Kama ulikosa tarehe, nenda na kadi ya kliniki. Dozi huendelea pale zilipoishia, hazianzwi upya.

Faida haiishii kwa mwanao. Mtoto aliyechanjwa hubeba puani nimokokasi wachache wa aina zilizomo kwenye chanjo, kwa hiyo hata kichanga ambaye hajafikisha wiki sita hukingwa kidogo.

Hesabu pumzi

Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua na uhesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Anapumua kwa kasi kama anafikisha:

• 60 au zaidi, chini ya miezi 2
• 50 au zaidi, miezi 2 hadi 11
• 40 au zaidi, mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5

Akipumua kwa kasi, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Usisubiri kabisa, hata usiku, ukiona kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, anapata degedege, analegea au haamki. Na kama ameshaanza dawa, siku mbili au tatu zimepita na homa haijashuka, mrudishe hospitali. Beba dawa anazotumia na kadi yake ya chanjo: vyote viwili vitamsaidia daktari kujua ni bakteria gani wa kushukiwa kwanza.