Somo la Historia: Treni ya Alfajiri ya Soweto

Kila mmoja afungue ukurasa wake, na anayesoma polepole asione haya. Leo tutasoma habari za watu waliokwenda kazini kwa treni kila siku. Tutajiuliza: safari hiyo iliwagharimu nini?

Mji wa Johannesburg, katika Afrika ya Kusini, ulianza mwaka 1886, dhahabu ilipovumbuliwa. Watu wengi walikuja kutafuta kazi. Mwaka 1904 tauni iliingia katika mtaa mmoja wa maskini. Wakubwa wa mji waliuchoma moto mtaa ule, na wakazi wakapelekwa Klipspruit, zaidi ya kilomita 15 kutoka mjini, karibu na shamba la maji machafu. Tauni ilikwisha, lakini Waafrika hawakurudishwa. Hapo ndipo ulipoanza mji wa Soweto. Jina hilo ulipewa baadaye, mwaka 1963.

Kisha sheria zikafuata. Sheria ya mwaka 1923 iliwapa wakubwa wa miji uwezo wa kuwaweka Waafrika katika mitaa ya peke yao. Sheria ya mwaka 1950 iligawa miji kwa rangi za watu. Tarehe 9 Februari 1955 polisi walifika Sophiatown pamoja na malori, wakaanza kuwahamishia watu Meadowlands, mbali zaidi na mji. Basi, tazameni jambo hili. Mabwana waliitaka kazi ya Mwafrika mchana, lakini hawakutaka alale jirani yao usiku. Kwa hiyo ilimlazimu asafiri.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme mtu anatumia saa moja na nusu kutoka mlango wa nyumba yake mpaka kazini, na saa moja na nusu kurudi. Hizo ni saa 3 kwa siku. Kwa siku 6 za kazi ni saa 18. Kwa majuma 50 ni saa 900. Gawanyeni kwa 24: mtapata siku 37 na nusu, mchana na usiku. Muda huo hakuna aliyemlipa mshahara. Aliondoka watoto wamelala, akarudi giza limeingia. Katika behewa la Waafrika watu walisongamana, wengine wakaning'inia mlangoni. Wezi nao walijua siku ya mshahara.

Tena kulikuwa na nauli. Watu wa Alexandra, upande wa kaskazini wa Johannesburg, walisafiri kwa basi. Mwezi wa Januari 1957 nauli ilipandishwa kutoka peni 4 mpaka peni 5. Peni moja ni kitu kidogo, lakini kwa mshahara mdogo ni mkate wa mtoto. Wakayasusia mabasi, wakatembea kwa miguu kwenda na kurudi, kiasi cha kilomita 15 kila upande, miezi mitatu. Mwishowe serikali ilitunga sheria ya kuwatoza waajiri ili nauli ibaki peni 4.

Hata maisha yenyewe yalikuwa hatarini. Mwezi wa Septemba 1990 watu wenye silaha waliwashambulia abiria ndani ya treni karibu na stesheni ya Benrose, wakaua zaidi ya watu 20.

Sheria ya kugawa miji ilifutwa mwaka 1991, na mwaka 1994 wananchi wote walipiga kura. Lakini nyumba hazikuhama pamoja na sheria. Mpaka leo wengi huamka kabla ya jua kuwahi kazi ya mbali. Umbali uliopangwa na watu wachache bado hulipwa na watu wengi.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini watu wa Klipspruit walihamishwa?
2. Kwa nini watu wa Alexandra walikubali kutembea?
3. Wewe hutumia saa ngapi njiani kwa juma? Andika hesabu yako.