Uuguzi wa mgonjwa aliyefungwa plasta: mambo ya kuzingatia kisiwani Songo Songo

Kisiwa cha Songo Songo, kilichopo wilayani Kilwa mkoani Lindi, kinafahamika nchini kwa gesi asilia iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalishwa mwaka 2004. Gesi hiyo hupita katika bomba lililolazwa chini ya bahari kwa takriban kilomita 25 kabla ya kufika bara. Mgonjwa aliyevunjika mfupa naye hulazimika kuvuka bahari hiyo, na safari yake hutegemea upepo, maji kujaa na kupwa, pamoja na upatikanaji wa chombo. Kwa sababu hiyo, familia inayomuuguza mgonjwa kisiwani inapaswa kuzitambua dalili za hatari mapema, ili safari ianze kabla kiungo hakijaharibika.

Kabla ya kuvuka

Mtu aliyeanguka kutoka juu ya mnazi, aliyeteleza chomboni au aliyepata ajali ya pikipiki achukuliwe kuwa amevunjika mfupa iwapo kiungo kimevimba, kimepinda au hakiwezi kubeba uzito. Kiungo hicho kisivutwe wala kukandwa. Kifungwe gango la ubao uliozungushiwa kitambaa, nalo liwe refu kiasi cha kuvuka kiungio kilicho juu na kilicho chini ya mahali palipovunjika. Pete, bangili na vikuku vivuliwe kabla uvimbe haujaongezeka. Jeraha lililo wazi lifunikwe kwa kitambaa safi, na mfupa uliochomoza usirudishwe ndani.

Chomboni, mgonjwa alazwe juu ya godoro ili kiungo kisigongwe na mataruma wakati wa mawimbi. Hospitali ya Wilaya ya Kilwa, maarufu kwa jina la Kinyonga, ipo Kilwa Kivinje. Mgonjwa anayehitaji huduma zaidi hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi, au Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996.

Siku tatu za kwanza

Plasta ngumu, ambayo wengi huiita POP au hogo, huanza kushika ndani ya dakika chache, lakini ile ya jasi huhitaji kati ya saa 24 na 72 kukauka kabisa. Katika muda huo ishikwe kwa viganja na si kwa ncha za vidole, kwa kuwa kila kibonyeo huweza kugandamiza ngozi na kusababisha kidonda. Iachwe wazi ipate hewa, na isikaushwe kwa moto. Kiungo kiinuliwe juu ya mto, kiwe juu kidogo ya usawa wa moyo, ili uvimbe upungue.

Siku hizo ndizo ambazo uvimbe huwa mkubwa zaidi. Plasta haitanuki; nyama inapovimba ndani yake, shinikizo hupanda hadi damu ikashindwa kupita. Misuli iliyokosa damu kwa takriban saa sita huanza kufa, na madhara yake huweza kuwa ulemavu wa kudumu au kukatwa kiungo.

Kutokana na hatari hiyo, mgonjwa anayeishi kisiwani anashauriwa kumuuliza daktari iwapo anaweza kubaki karibu na hospitali, Kilwa Kivinje au Masoko, hadi saa 72 zipite. Asipoweza, familia ivikague vidole vyake kila saa katika siku ya kwanza, mchana na usiku, na kila baada ya saa nne katika siku mbili zinazofuata. Ukucha ubonyezwe kisha uachiwe. Rangi yake irudi ndani ya sekunde mbili.

Dalili zinazohitaji hatua ya haraka ni hizi:

- Maumivu yanayozidi licha ya dawa, hasa vidole vinaponyooshwa na mtu mwingine.
- Ganzi, au hisia ya kuchomwa kama kwa sindano.
- Vidole kuwa baridi, kupauka au kugeuka rangi ya samawati.
- Mgonjwa kushindwa kuvichezesha vidole.

Dalili moja tu inatosha. Mgonjwa apelekwe mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu, na maandalizi ya chombo yaanze wakati huohuo badala ya kusubiri asubuhi. Mhudumu wa afya huweza kuipasua plasta kwa urefu wake wote, pamoja na pamba iliyo ndani, mpaka ngozi ionekane. Kiungo kiwekwe usawa wa moyo, kisiinuliwe zaidi. Mfupa uliosogea baada ya plasta kupasuliwa huweza kunyooshwa tena, lakini misuli iliyokwisha kufa haiwezi kurejeshwa.

Wiki zinazofuata

Plasta ya jasi ikilowa maji hulainika na kupoteza nguvu. Wakati wa kuoga au kusafiri kwa chombo, ifunikwe kwa mfuko wa plastiki. Ngozi inapowasha, kijiti kisiingizwe ndani. Harufu mbaya, homa au majimaji yanayopenya ni ishara ya maambukizi. Mguu ukivimba na kuuma kwenye misuli ya nyuma ya goti, au mgonjwa akipata maumivu ya kifua na kuhema kwa shida, huenda damu imeganda kwenye mishipa. Hiyo ni dharura.

Mgonjwa ahimizwe kuchezesha vidole na viungio visivyofungwa, na aliyelala muda mrefu ageuzwe kila baada ya saa mbili. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maharage na mboga za majani husaidia mfupa kuunga, ilhali tumbaku huuchelewesha.

Baadhi ya wananchi humwendea mhazigi, yaani muunga mifupa wa jadi. Hata huko, kiungo kilichofungwa magango huweza kubanwa vilevile, na dalili zilizotajwa hapo juu zina uzito uleule.

Kwa mtu mzima, mfupa wa mkono kwa kawaida huhitaji wiki 6 hadi 8, na wa mguu takriban wiki 12. Plasta isikatwe nyumbani kwa kisu wala panga. Aidha, mvuvi asirudi baharini kwa kuwa tu maumivu yamekwisha; asubiri picha ya eksirei ithibitishe kwamba mfupa umeunga, kisha afanye mazoezi ya kurejesha nguvu za misuli kwa maelekezo ya mtaalamu.