Tekscha Bila Kutoa Ganji: Programu 5 za Bure, na Leseni Zenye Zinaweza Kukuchoma

Machi 2025, filamu ya katuni kutoka Latvia inayoitwa Flow ilibeba Oscar. Ilitengenezwa na Blender, programu ile ile unaweza kupakua usiku wa leo na bando yako bila kulipa hata bob. Kwa hivyo msee akikuambia vitu za bure ni za wanaoanza, mcheki tu na uendelee na kazi.

Lakini skiza, bure ina sura nyingi. Iko bure ya ukweli na iko bure ya mtego. Kama unachora skini za nganya za Bus Simulator Indonesia, ama unaunda gemu yako mwenyewe, hiyo tofauti ndiyo inaamua kama utakula jasho lako ama utaambiwa utoe kazi hewani. Rada yote ndiyo hii.

Tekscha ni nini?

Modeli ya 3D ikiwa bado ni kijivu tu, kama mathree imetoka kwa fundi wa bodi kabla ya kupakwa rangi. Tekscha ni ile picha unaivalisha: rangi, grafiti, kutu, vumbi. Mara nyingi si picha moja. Kuna ya rangi, kuna ya kuonyesha mahali panang'aa na mahali pamefifia, na kuna ile ya zambarau na bluu inayodanganya mwanga ili ukuta bapa uonekane una mabonde.

Programu 5 za kuanza nazo

1. Krita. Kama mkono wako ni wa kuchora, anzia hapa. Bonyeza herufi W na picha inajirudia pande zote, unachora ukiona kama mishono ya kando inaungana vizuri. Kwa tovuti yao ni bure. Ukiiona inauzwa kwa Steam, usishtuke: hiyo doo inaenda kuwasaidia watengenezaji.

2. GIMP. Hii ni ya kukata, kusafisha na kurekebisha picha. Imekuwa ikitengenezwa tangu 1995. Inafaa sana kama unapiga picha za mabati ama lami na simu halafu unataka kuzigeuza tekscha.

3. Blender. Unaunda modeli, unapaka rangi juu yake moja kwa moja, unatoa picha. Ina vitu mingi na itakuchanganya wiki ya kwanza. Vumilia.

4. Material Maker. Hapa huchori. Unaunganisha visanduku kwa nyuzi, kila kisanduku na kazi yake: hiki kinatoa matofali, hiki kinaongeza nyufa, hiki kinaweka unyevu. Ukibadilisha namba moja, ukuta wote unabadilika. Inataka kadi ya grafiki yenye nguvu kiasi, kwa hivyo laptopu ya zamani inaweza kulia.

5. Materialize. Ni ya Windows. Unaipa picha moja ya ukuta, inakusaidia kutoa zile picha zingine za mabonde na mng'ao.

Usipakue zote tano kwa mpigo. Chagua kulingana na kazi: skini ya nganya inataka Krita ama GIMP, ukuta na barabara za gemu zinataka Material Maker. Na kama kazi ni ya simu, chunga ukubwa. Picha ya pikseli 4096 kwa 4096 inaweza kula MB 64 za kumbukumbu ikiwa haijabanwa. Ya 2048 inakula 16 pekee. Simu ya mtu wa kawaida itakushukuru.

Sasa leseni: tenganisha vitu viwili

Wasee wengi wanachomeka hapa. Leseni ya programu si leseni ya picha.

Blender, Krita, GIMP na Materialize ziko chini ya GPL. Hiyo inakuruhusu kutumia programu kwa kazi yoyote, hata ya kulipwa, na kuipa rafiki. Sharti linakuja ukichukua programu yenyewe, uibadilishe, halafu uisambaze: lazima utoe na msimbo wake kwa masharti yale yale. Tekscha uliyochora mwenyewe haiguswi. Aliyetengeneza msumeno hamdai seremala meza.

Material Maker iko chini ya MIT, ambayo ni laini zaidi. Ukisambaza programu yenyewe, unaacha lile tangazo la hakimiliki mahali pake, basi.

Linganisha hiyo na programu zinazosema "kwa matumizi ya kibinafsi", "kwa wanafunzi" ama "majaribio ya siku 30". Hizo unaweza kujifunzia, lakini mara nyingi siku mteja anakutumia M-Pesa, uko nje ya masharti. Soma kabla ya kupokea kazi.

Picha za watu wengine

Unaweza kuwa na programu safi halafu ukachomwa na picha moja ya mabati uliyookota kwenye intaneti. Leseni za Creative Commons zinasomwa hivi:

- CC0: fanya unavyotaka, uza, badilisha, si lazima umtaje mtu.
- BY: tumia, lakini mtaje mwenyewe.
- SA: ukibadilisha na kusambaza, kazi yako iende na leseni hiyo hiyo.
- NC: hakuna biashara. Kama kuna ganji, achana nayo.
- ND: usisambaze ukiwa umeibadilisha. Kwa tekscha, hiyo ni kama haikufai.

Ukitaka usalama, Poly Haven, ambayo iko Afrika Kusini, na ambientCG zote zinatoa tekscha za CC0. Ama piga zako mwenyewe: siku ya mawingu, bila kivuli kikali, simu ikiangalia ukuta moja kwa moja. Mabati ya mtaa wako hayako kwa gemu ya mtu mwingine.

Brashi na vifurushi vya watu pia vina leseni zake, hata kama umeviweka ndani ya Krita. Na nembo ya timu ama sura ya msanii haiwi yako kwa sababu umeichora na programu ya bure. Kwa bodi ya mathree umezoea kuziona. Kwa kazi ya kuuza, omba ruhusa.

Bure inaweza kuisha

Epic Games walinunua Quixel mwaka 2019, wakafungulia watumiaji wa Unreal hazina ya tekscha za Megascans bure. Mwaka 2024 wakaihamishia kwa soko lao la Fab, na mlango wa kuchukua zote bila malipo ukawa wa hadi mwisho wa mwaka huo. Kampuni ikitoa zawadi, inaweza kubadilisha bei ya kesho. Lakini nakala ya Krita uliyo nayo chini ya GPL hakuna mtu atakuja kukulipisha. Chochote unachopakua, weka nakala ya leseni yake kwa folda moja, pamoja na tarehe.

Na kazi yako je?

Hapa ndipo wengi wanalala. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi yako inalindwa ukishaitengeneza, haingojei usajili. Lakini mtu akikuagiza umtengenezee, sheria hiyo hiyo inahesabu kuwa hakimiliki imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Yaani ile grafiti uliyochora kwa soo tano inaweza kuuzwa mara mia na usione kitu.

Kwa hivyo kabla ya kushika brashi, andikianeni mambo matatu: nani anamiliki, itatumika wapi, na kama unaweza kuiuza tena. Karatasi moja yenye sahihi inatosha kuanza. Mteja akikataa kuandika, ongeza bei, ama mwachie kazi yake.