Moto, Fedha na Jani la Mwarobaini

Msomaji, upitapo katikati ya jiji la Nairobi, huenda usidhani kwamba hapo palipata kuchomwa moto kwa makusudi. Mwaka 1902, mji ukiwa mchanga bado, tauni ilizuka katika soko la Wahindi, na wakuu wakaamuru soko hilo liteketezwe. Kijidudu cha tauni kilikwisha kutambuliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894. Lakini kumjua adui si kumshinda. Dawa ya kukiua haikuwapo, ndipo watu wakakimbilia moto.

Kwa maradhi mengine, silaha moja ilikuwa imekwisha kupatikana, nayo ni fedha, madini yale yafuliwayo vikuku na pete. Mwaka 1880, huko Leipzig, daktari Carl Credé alianza kutia matone ya chumvi ya fedha machoni mwa watoto wachanga, na wengi wakaokoka na upofu.

Baadaye zikaja dawa kama penisilini, na fedha ikawekwa kando. Leo vijidudu vingi vimezizoea dawa hizo, na wataalamu wameirudia fedha, safari hii ikiwa chembe ndogo mno, zipimwazo kwa sehemu ya milioni ya milimita. Mwaka 2004 wanasayansi wa Pune, Bara Hindi, walieleza jinsi walivyozitengeneza kwa maji ya majani ya mwarobaini, mti uleule ambao unga wake huuzwa Nairobi.

Je, jani lafanya nini? Fedha iliyoyeyuka katika chumvi yake imepungukiwa na elektroni. Viambato vya jani huipa elektroni hizo. Fedha hujikusanya kuwa chembe, na maji hugeuka rangi ya manjano au kahawia. Kisha viambato hivyo huzifunika chembe zisigandamane. Hivyo hupunguza haja ya kemikali kali. Chembe nazo hutoa fedha kidogo kidogo, ikashambulia ngozi ya kijidudu.

Lakini usishangilie upesi, wala usijaribu dawa hiyo nyumbani. Kijidudu kilichokufa katika kisahani cha maabara si mgonjwa aliyepona, na chembe zimwuazo adui zaweza kuudhuru mwili pia. Kiasi gani chafaa, na kwa ugonjwa upi? Kazi hiyo ya kupima haijakwisha, nawe uliye darasani leo waweza kuwa miongoni mwa watakaoimaliza.