Intaneti Isiyotumia Waya katika Kumbi za Mikutano Tanzania, 1978–2024

Majengo ya Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha yalijengwa yawe makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Serikali ya Tanzania iliyageuza, na mwaka 1978 kituo kikaanzishwa. Ukumbi wake mkubwa, Simba, una viti 1,350. Ukumbi wa zama hizo ulidaiwa mambo machache: vipaza sauti, vyumba vya wakalimani na umeme wa uhakika. Miongo mitatu baadaye, karibu kila aliyeketi humo alikuwa na redio mfukoni, nayo ilitaka kusemeshwa.

Insha hii inahoji kwamba neno "isiyotumia waya" limepotosha uelewa wa historia hii. Hadi Julai 2009, wakati mkongo wa SEACOM ulipoanza kazi Dar es Salaam, intaneti ya Tanzania iliitegemea sana setilaiti. Setilaiti ya aina hiyo iko takribani kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi na jibu lake huchukua zaidi ya nusu sekunde njiani, hata mtumiaji akiwa peke yake. Tena uwezo wake ulikuwa mdogo na ghali. Kiungo cha megabiti 2 kwa sekunde kikigawanywa kwa watu 500, kila mmoja hubakiwa na kilobiti 4. Katika mazingira hayo, kulaumu vifaa vya ukumbini kulikuwa kuonea mlango kwa ubovu wa barabara.

Mkongo wa EASSy ulifuata mwaka 2010, huku Mkongo wa Taifa ukijengwa kuelekea mikoani. Hapo ndipo tatizo lilipohamia ndani ya ukumbi. Katikati ya mwaka 2011, Dar es Salaam ilipokea mkutano wa wahandisi wa mitandao wa Afrika (AfNOG) pamoja na ule wa AFRINIC, taasisi inayogawa anwani za intaneti barani. Mafunzo ya AfNOG ni ya vitendo: washiriki huunda mitandao na seva darasani. Mwaka huo nchi ilikuwa katika mgawo mkali wa umeme, na mtandao wa ukumbini, hata uwe imara namna gani, huzimika pamoja na taa.

Elimu ya wahandisi wa aina hiyo inakwenda kinyume na mazoea. Mwenye ukumbi hudhani kwamba redio moja yenye nguvu itawafikia wote. Itawafikia, ila haitawasikia. Masafa ya gigahezi 2.4 yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na walio katika chaneli moja husema kwa zamu. Simu iliyo mbali husema polepole na kuishika hewa muda mrefu, wengine wakingoja. Kwa hiyo hufungwa redio nyingi zenye nguvu ndogo, mwendo wa polepole huzuiwa, na vifaa vinavyoweza huhamishiwa gigahezi 5 penye chaneli nyingi zaidi. Miili ya watu, ambayo hunyonya mawimbi, hugeuka kuwa kuta za kutenganisha eneo na eneo. Jambo jingine husahaulika kwa wepesi wake: mtandao uliopangwa kwa ofisi ndogo huwa na anwani 254. Mgeni wa 300 huona alama kamili za mtandao lakini hapati anwani.

Kanuni hiyo haiishii mijini. Kang'ata, kata ya wilaya ya Handeni, iko nje ya barabara kuu ya Segera na Korogwe. Katika kata za namna hiyo, intaneti ya wengi ni ile ya mnara wa simu, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku ili minara ifike vijijini. Mnara mmoja hulazimika kuhudumia eneo pana. Siku ya mkutano wa hadhara, mamia wakikusanyika mahali pamoja, hakuna redio ndogo za kuwagawanya kama ilivyo Arusha. Wote huusongea mnara uleule.

Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za SEACOM na EASSy zilikatika baharini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya. Mkato wa namna hiyo hausababishi redio za darini kuzimika. Simu huendelea kuonyesha alama kamili, Arusha na Kang'ata sawia, na kurasa hazifunguki.