Tairi la saizi gani kwa barabara za Kivu?

Mtaa wa Heyvaert, kando ya mfereji unaopita mjini Brussels, mahali manispaa za Anderlecht na Molenbeek zinapokutana, umejulikana kwa miongo kadhaa kuwa soko la magari yaliyotumika yanayopelekwa Afrika. Mengi hupakiwa katika bandari ya Antwerp na kuelekea Afrika Magharibi. Hata hivyo, soko hili lina faida ya pekee kwa mnunuzi anayetoka Kongo, Rwanda au Burundi: nchi hizo, kama Ubelgiji, huendesha upande wa kulia wa barabara, hivyo usukani wa kushoto ndio unaofaa.

Mnunuzi wa gari la kwenda njia mbovu hukagua injini, gia boksi na kutu iliyojificha chini ya bodi. Matairi huyatazama mwishoni, na aghalabu huridhika akiona kashata bado nene. Wengine huomba wawekewe mapana zaidi ili gari lipendeze. Kosa hilo halionekani Brussels, ambako lami ni nyororo. Huonekana njiani kati ya Bukavu na Uvira, katika mteremko wenye matope, gari likiwa limejaa abiria na mizigo.

Kusoma ubavu wa tairi

Tuchukue mfano wa Toyota Land Cruiser Prado ya kizazi cha 120, iliyoanza kuuzwa mwaka 2002. Nyingi zilitoka kiwandani na matairi yaliyoandikwa 265/65R17. Tarakimu ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wake kikihesabiwa kama asilimia ya upana huo: asilimia 65 ya 265 ni takriban milimita 172. Herufi R yaonyesha namna nyuzi za ndani zilivyolazwa, nayo 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukijumlisha rimu na kuta mbili, juu na chini, unapata tairi lenye kipenyo cha milimita 776 hivi.

Hesabu hiyo fupi ndiyo kinga ya mnunuzi. Tairi la 265/70R16 lina kipenyo cha milimita 777. Mwenye rimu ndogo zinazoingia vizuri kwenye breki za gari lake anaweza kulitumia bila kubadili mwendo wa gari, na akapata ubavu mrefu zaidi wa kupokea mashimo. Lakini akifunga 285/70R17, kipenyo hufikia karibu milimita 831, yaani asilimia 7 zaidi. Spidomita ikionyesha kilomita 100 kwa saa, gari kwa kweli linakwenda 107. Injini hupata shida mlimani, breki hubeba kazi zaidi, na tairi huweza kukwaruza madigadi usukani unapokatwa hadi mwisho. Faida yake? Gari huinuka milimita 27 tu, kwa kuwa ni nusu ya ongezeko inayokwenda chini.

Baada ya saizi hufuata namba na herufi nyingine, kwa mfano 112S. Namba 112 yamaanisha kwamba tairi moja linaruhusiwa kubeba kilo 1,120, na S kwamba mwendo usizidi kilomita 180 kwa saa. Kwa barabara zetu namba ya uzito ina maana kubwa kuliko herufi ya mwendo. Tairi lenye namba ndogo kuliko iliyopangwa na mtengenezaji hupata joto likizidiwa, kisha hupasuka. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva au katika kitabu cha gari, na ndicho cha kufuatwa, si neno la muuzaji.

Wembamba si udhaifu

Wengi huamini kwamba tairi pana ndilo la njia mbovu. Kwenye mchanga mkavu upana husaidia, ingawa kupunguza upepo husaidia zaidi. Kwenye matope yenye ardhi ngumu chini yake, tairi jembamba hukata na kuifikia ardhi hiyo, ilhali pana huelea na kuteleza. Tazama Land Cruiser 78 za mashirika ya misaada: nyingi huvaa 7.50R16, saizi ya zamani yenye upana wa inchi saba na nusu tu, na fundi wa pancha wa kijijini huiziba mpira wake bila mashine. Tairi la 235/85R16 lina kimo kinachokaribiana nayo, takriban milimita 806. Lile la 265/75R16 lina milimita 804: kimo karibu kile kile, upana milimita 30 zaidi.

Goma ina jambo lake. Mawe ya volkano ya Nyiragongo, iliyolipuka mwaka 2002 na tena 2021, yana makali, nayo hukata ubavu wa tairi kabla ya kashata kwisha. Hapo saizi peke yake haitoshi. Tafuta tairi la kazi lenye kuta nene.

Umri na forodha

Kashata nene inaweza kuwa ya tairi kuukuu. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Angalia pia alama ya mlima wenye theluji. Tairi la baridi kali lina mpira laini, na huisha upesi katika joto la Bujumbura au Uvira.

Asije mtu akadhani atajaza buti matairi yaliyotumika ili ayauze afikapo. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imeyaweka matairi hayo, ya magari madogo na ya biashara nyepesi, katika orodha ya bidhaa zilizopigwa marufuku, na Kongo ni mwanachama tangu 2022.

Hatimaye, hesabu matano, si manne. Prado hii huvuta kwa magurudumu yote wakati wote. Tairi la akiba lenye kipenyo tofauti hulazimisha difu ya katikati kufanya kazi bila kupumzika, na kuibadilisha kunagharimu kuliko seti nzima ya matairi mapya.